Ng'ombe mmetuletea, malisho hamjatufundisha: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu
Nakala: Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, wataalamu wa mifugo wa wilaya, na wafugaji wenzangu

YAH: USHAURI NA MAFUNZO YA MALISHO KWA WAFUGAJI WA NG'OMBE WA MAZIWA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na somo tajwa hapo juu. Ndivyo nilivyoanza barua zangu tatu zilizotangulia, na sitaki hii ya nne ionekane imeandikwa na mtu asiyejua utaratibu. Ya kwanza niliipitisha kwa Mtendaji wa Kijiji, naye akaipeleka kata. Ya pili niliifikisha masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri, na nakala ninayo. Ya tatu ilikuwa ya kukumbushia ya pili. Nilipofuata majibu mara ya mwisho, niliambiwa jalada halionekani, nilete nakala nyingine. Nauli ya kwenda na kurudi makao makuu ni bei ya lita kumi za maziwa. Basi nakala nyingine ndiyo hii, nimeiweka mahali ambapo kila mtu ataiona.

Jina la halmashauri silitaji. Wanaohusika wanajijua. Inatosha kusema tuko Nyanda za Juu Kusini, huku ambako mvua ikikata Mei tunaisubiri mpaka Novemba, na Juni ikifika barafu inalala juu ya majani mpaka jua lichomoze. Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji 28, kumi na tisa kati yetu wanawake. Nina ng'ombe watatu, robo tatu ya ekari ya malisho, na daftari.

Naomba nianze na daftari. Ng'ombe wangu mkubwa anaitwa Tulizo. Machi mwaka jana alikuwa anatoa lita 13 kwa siku, nane asubuhi na tano jioni. Septemba alishuka mpaka lita 5, na hapo nimeshajumlisha asubuhi na jioni. Mtaalamu wako ataniambia kuwa ng'ombe hushuka kadiri siku zinavyopita tangu azae. Ni kweli. Lakini mvua iliponyesha na majani yakachipua, Tulizo alipanda mpaka lita 9, bila kuzaa tena na bila sindano ya mtu. Zile lita 4 alizozirudisha ndizo ninazozidai. Kwa siku 120 za kiangazi ni lita 480. Kituoni wananunua kwa shilingi 900, kwa hiyo ni Sh 432,000 zilizopotea kwa ng'ombe mmoja.

Alikuwa anakula nini? Mabua ya mahindi, na mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia, yaliyokomaa mpaka ukiyakata panga linalia kama unapasua kuni. Asubuhi najaza hori mpaka linamwagika. Jioni nakuta vijiti: majani kayachambua, mashina kaniachia. Nilifuga hivyo miaka sita. Katika miaka hiyo wataalamu walioingia bandani kwangu wamemwangalia macho, fizi, kiwele, wamempima joto. Hakuna hata mmoja aliyeinama akaangalia hori.

Aliyeinama ni kijana wa chuo. Februari mwaka huu alikuja kwetu mwanafunzi wa LITA, Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, kwa mafunzo ya vitendo ya wiki sita. Alishika shina moja la mabingobingo, akalivunja, akanionyesha lilivyo gumu ndani. Akasema, "Mama, unasubiri majani yakuzidi urefu ndipo unakata. Kata yakifika mita moja, acha kisiki cha kiganja kimoja, urudi baada ya wiki sita mpaka nane." Nikamwambia nitapata mzigo mdogo. Akacheka. "Utapata majani, mama. Sasa hivi unapata fito."

Kijana yule hakuwa hata amemaliza stashahada yake. Ndiyo sababu nakuandikia. Elimu ipo, tena si ya ajabu wala ya gharama. Ila namna halmashauri inavyotuletea, haifiki shambani. Hoja zangu ni hizi.

1. Mtaalamu wetu anaitwa na ugonjwa

Afisa mifugo wetu ni mtu mwema, anaamka usiku ng'ombe akikwama kuzaa, na simlaumu. Anahudumia kata mbili. Pikipiki anayo, mafuta hana. Mafuta yanatoka kwa mwenye ng'ombe anayeumwa: ukimpigia kwamba ng'ombe ana ndigana, unamtumia ya petroli anakuja. Nani atamtumia ya petroli aje kumwangalizia majani? Kwa hiyo kazi yake yote imekuwa tiba, na hata sisi tunamwita "daktari". Hakuna aliyewahi kumwita mwalimu. Nilimuuliza fomu yake ya taarifa ya mwezi ina nini. Chanjo, uhimilishaji (kupandikiza mbegu za dume kwa mrija), waliotibiwa, waliokufa. Nikamuuliza malisho yanaandikwa wapi, akanionyesha mstari wa "mengineyo".

2. Semina ya ukumbini, tena Agosti

Mwaka jana tuliitwa semina ya malisho mwezi Agosti, katika ukumbi wa kata. Nilikuwepo tangu saa mbili na nusu. Mgeni rasmi alifika saa tano. Hotuba zilikwenda karibu saa mbili, za kushukuru na za kushukuriana. Somo lenyewe lilipewa dakika arobaini, picha ukutani zikiwa na maelezo ya Kiingereza, na ng'ombe waliokuwa wanatembea katika uwanda ambao mwisho wake hauonekani. Mle ukumbini mwenye ekari mbili za kulishia alikuwa tajiri wetu. Tulisaini karatasi ya mahudhurio mara tatu, tukapewa soda, tukapigwa picha.

Ndugu Mkurugenzi, kutoka mlango wa ukumbi ule mpaka kwenye kipande cha mabingobingo cha jirani ni hatua kama mia moja. Yanaonekana ukikaa dirishani. Hatukwenda. Na hata tungekwenda, Agosti majani yamekauka, hakuna cha kupanda wala cha kuvuna. Mtu hafundishwi kupalilia wakati wa kuvuna. Agosti hii tena tumeitwa. Nilikwenda, sina budi, mimi ni katibu.

3. Mbegu bila mwalimu

Kwenye semina ya mwaka jana tuligawiwa pakiti za mbegu za nyasi za Rhodes. Pakiti haikuwa na tarehe, haikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, haikueleza mbegu ngapi kati ya mia zinatarajiwa kuota. Tulikaa nazo miezi mitatu tukisubiri mvua, wengine juu ya dari jikoni penye moshi na joto.

Jirani yangu alilima vizuri robo ekari, akachimba vishimo kama vya maharage, akafukia. Mbegu ya Rhodes ni nyepesi kama pumba, ukiipuliza inaruka. Hutawanywa juu ya udongo uliolainishwa, ikafunikwa kidogo sana, hata kwa kuburuta tawi la mti juu yake. Yeye aliizika. Ziliota sita. Nilikwenda kuzihesabu mwenyewe. Akasema nyasi za kisasa hazikubali udongo wetu, na pale akapanda parachichi.

Simlaumu. Mche wa parachichi aliletewa na mtu aliyempimia shimo, akamwonyesha kiasi cha samadi, kisha akarudi mara tatu kuuangalia. Nchi nzima inajua jinsi parachichi linavyopanuka huku kwetu. Linashinda kwa bei, sawa, lakini linashinda pia kwa sababu lina watu wanaorudi. Nyasi hazina mtu.

4. Kijiji cha juu na kijiji cha chini

Hapa nitasema kwa ufupi. Mliwapa wenzetu wa kijiji cha juu vipandikizi vya brakiaria, aina ya nyasi za malisho, vilevile mlivyotupa sisi wa bondeni. Kwetu ilishika. Kwao Julai ilibabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, kwa sababu brakiaria haipendi baridi kali. Huko juu wangesaidiwa na oti, au setaria ambayo huvumilia baridi kidogo. Ushauri mmoja hauwezi kutosha milima na mabonde, na sisi tuna vyote katika kata moja.

5. Kiangazi tunakijua, kukiwekea akiba hatukufundishwa

Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana na mimi nilijiaibisha.

Tulipewa kipeperushi cha saileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa shimoni yawe akiba ya kiangazi. Maelezo yake ukiyakamua yanabaki maneno manne: vuna, katakata, shindilia, funika. Wanakikundi watano tukachanga, tukachimba shimo kwangu, tukanunua nailoni. Mahindi tuliyavuna yakiwa yameanza kukauka, tulihurumia chakula. Tuliyakata kwa panga, vipande virefu kama kiganja. Kushindilia tuliwapa watoto, wakaruka juu yake wakiimba. Tukafunika, tukaweka mawe.

Agosti tukafungua mbele ya majirani, kwa mbwembwe. Saileji nzuri, nimekuja kuelezwa, hunukia uchachu mtamu kama togwa. Yetu ilinuka kama choo. Juu nyeupe kwa ukungu, chini nyeusi, ukiishika inateleza. Tulizo alinusa mara moja akageuza kichwa. Mahindi yale tungeyaacha shambani yangetupa magunia manne ya chakula cha watu. Mume wa mwenzetu mmoja mpaka leo akitaka kumnyamazisha mkewe anamuuliza habari za shimo.

Yule mwanafunzi alitueleza makosa yetu kwa dakika kumi, amekaa juu ya ndoo. Mahindi yavunwe punje ikibonyezwa kwa ukucha itoe uji mzito, si maji, wala isiwe ngumu. Vipande viwe vya sentimita mbili au tatu. Ishindiliwe tabaka kwa tabaka mpaka hewa iishe, kwa pipa la maji au kwa watu wazima, kisha nailoni isiyo na tundu hata moja, na isiguswe kwa mwezi mzima au zaidi. Hewa ndiyo adui. Neno hewa halikuwepo kwenye kipeperushi.

Na hei je, yaani majani yaliyokaushwa ya akiba? Aprili na mwanzoni mwa Mei nyasi zimejaa mpaka kingo za barabara, na sisi tunaziangalia zikikomaa. Sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, linafunga robota la kilo 20 hivi. Fundi seremala wa kijiji analitengeneza kwa nusu siku. Tumelijua mwaka huu, nasi tumefuga tangu enzi za mama zetu.

6. Hakuna anayerudi kuuliza

Taarifa ya semina ya mwaka jana, nimeisikia ikisomwa kwenye mkutano wa kata, ilisema wafugaji 60 wamejengewa uwezo. Wangapi walipanda? Mbegu za wangapi ziliota? Maziwa yaliongezeka lita ngapi? Kituo cha kukusanyia maziwa kina vitabu vya kila siku vya kila mfugaji. Hakuna aliyekwenda kuvifungua.

Sasa najua majibu utakayopewa na wasaidizi wako, nayaweka hapa kabla hayajafika mezani.

Watasema bajeti hakuna. Semina ya Agosti ilikuwa na magari matatu, ukumbi, soda na posho. Shamba darasa la robo ekari linahitaji vipandikizi, ambavyo tunavyo, samadi, ambayo tunayo, na mtu wa kurudi. Halafu kuna lile agizo linalokumbushwa kila mwaka, kwamba asilimia 15 ya mapato yanayotokana na mifugo irudi kuendeleza mifugo. Ushuru wa mnadani tunalipa. Tunaomba kuona kwenye mbao za matangazo kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichorudi.

Watasema maafisa ni wachache. Ni kweli, na hawataongezeka kesho. Ndiyo maana wenzetu wa Kenya, katika miradi yao ya maziwa, waliwafundisha wafugaji wenyewe wakawa wakufunzi wa majirani. Mtu anayeishi hapo hahitaji petroli.

Watasema wafugaji hawaji bila posho. Hapa nakubali nusu. Wapo wanaokuja kwa ajili ya bahasha, na katika kikundi changu nawajua kwa majina. Lakini tabia hiyo tulizoeshwa. Siku ya kwanza ya yule mwanafunzi shambani kwangu tulikuwa watano. Siku ya mwisho nilihesabu watu 31, wengine wa kijiji cha pili, na hakukuwa na hata chupa ya maji.

Watasema kuna ujumbe wa simu. Niliupata mmoja: "Mfugaji, lisha ng'ombe wako malisho bora." Asante.

Na nikumbushe jambo la zamani. Mama yangu alipata mtamba wake, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Kabla hajakabidhiwa kamba alikaguliwa banda, akakaguliwa malisho, akapelekwa mafunzo. Mabingobingo yalikuwa hayajatosha, akaambiwa asubiri msimu mmoja. Alilia, akapanda, akapewa. Mwaka juzi ninyi mmegawa mitamba 12 kwenye kata yetu. Tuliulizwa picha mbili za pasipoti na barua ya Mtendaji. Malisho hakuna aliyeyauliza. Ilipofika Oktoba watatu walikuwa wameshauzwa na mmoja amekufa, amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Fedha ya mtamba mmoja ingeendesha mashamba darasa ya kata nzima.

Wataalamu hawako mbali. TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, wana kituo Uyole, Mbeya, na kutafiti malisho ni kazi yao. LITA wana kampasi Madaba, Ruvuma. Shamba la Serikali la Kitulo, Makete, limefuga ng'ombe wa maziwa kwenye baridi hii hii kwa miaka mingi. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ipo tangu 2010. Kinachokosekana ni barabara kutoka huko mpaka kwenye hori langu, na barabara hiyo ni wewe.

Tunaomba haya.

Kwanza, mafunzo yafuate mvua. Novemba na Desemba tufundishwe kupanda, Februari na Machi kukata na kuchanganya desmodiamu, mmea wa malisho jamii ya mikunde, katikati ya mistari, Aprili na Mei hei na saileji, kiangazi kupima tunacholisha. Kila somo lifanyike shambani, na mgeni rasmi akiwepo ashike jembe.

Pili, shamba darasa moja kila kijiji, kwenye shamba la mfugaji, la juu kwa nyasi za juu na la chini kwa za chini. Afisa arudi angalau mara nne kwa msimu, na tarehe za kurudi zibandikwe ofisi ya kijiji.

Tatu, afisa mifugo apewe mafuta ya siku moja kwa wiki ambayo ni ya malisho tu. Na fomu ya mwezi iongezwe mistari miwili: mashamba ya malisho yaliyotembelewa, na wastani wa lita kituoni.

Nne, mbegu itakayogawiwa iwe na lebo ya TOSCI, itufikie kabla ya Novemba 15, na ije na mtu wa kuonyesha inavyopandwa.

Tano, halmashauri iombe rasmi wanafunzi wa LITA kila mwaka. Chumba cha kulala na chakula tutatoa sisi. Hili tumeshalipitisha kwenye kikao.

Sita, mtamba usitolewe kwa mtu ambaye malisho yake hayajaonekana kwa macho. Hata kama mtu huyo ni mimi.

Majibu tunayaomba kwa maandishi ndani ya siku 30. Nimechagua siku hizo kwa sababu baada ya hapo mvua itakuwa inakaribia, na tukichelewa tutakuwa tunazungumzia Novemba ya mwaka mwingine.

Daftari la mwaka huu, endapo utauliza: Tulizo alizaa Mei, na wiki hii ya Septemba anatoa lita 11. Siwezi kudai zote ni kazi ya majani, maana kuzaa kumesaidia. Ila jioni hori linakuwa tupu, na fito sijaona tena.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba kikundi kitakuwa shambani kwangu kuanzia saa mbili asubuhi. Tunachimba mashimo ya mabingobingo, kina cha futi mbili, samadi ndani, tayari kwa mvua. Unakaribishwa. Gari linafika mpaka kanisani, kutoka hapo ni dakika kumi kwa miguu kwenye njia ya mtoni. Tafadhali uje na mabuti. Ukumbi hatujakodi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu, kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa
(kwa niaba ya wanachama 28)